Mwalimu Phyllis na Nambari 73,939,133

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufunza hisabati katika shule yetu ya upili hapa Endarasha, Mwalimu Phyllis Wachuka anastaafu tarehe 31 Oktoba. Muhula mzima ametuambia anaingoja siku hiyo kwa hamu, aende Kiganjo akafuge kuku. Tulimwamini, maana Phyllis hana mazoea ya kudanganya.

Alikuja akiwa msichana mwembamba mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alianzisha chama cha hisabati, na wanafunzi wake wakashinda mashindano ya kaunti hadi shule kubwa za mjini Nyeri zikaanza kutuamkia. Lakini tutamkumbuka zaidi kwa Ijumaa zake.

Kila Ijumaa aliandika ubaoni 73,939,133. Hiyo ni nambari tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Kisha alifuta tarakimu ya mwisho, upande wa kulia. Inayobaki, 7,393,913, nayo ni tasa. Alifuta tena na tena mpaka ikabaki saba peke yake, na kila hatua ni tasa. Kuongeza tarakimu ya tisa mwishoni hakuwezekani. Weka yoyote, itagawanyika. Kila darasa jipya lilijaribu, naye akawaacha wajaribu. Hata yeye, alituambia wakati wa chai, aliwahi kujaribu huku akijua jibu. Alitamani tu iendelee.

Ijumaa iliyopita alishika dasta akafuta saba ya kushoto. Darasa zima likapiga kelele: "Madam, ati umefuta upande gani? Hiyo sasa kumi na moja inaingia!" Na kweli, 3,939,133 ni kumi na moja mara 358,103. Phyllis akaitazama, akacheka, kisha akaketi kwenye dawati la mbele akalia. Aliwaambia wanafunzi kwamba hataki kwenda. Kuku wenyewe, alikiri, hajanunua hata mmoja.

Mimi Gicheru, niliyekaa naye meza moja miaka yote hii, nilikuwa mlangoni. Kwa ajili ya shule, tulikuwa tumemwombea mwaka mmoja zaidi kazini, sheria ya umri wa kustaafu ikakataa.

Asante, Phyllis. Tunakuombea afya njema, usingizi wa kutosha na nyumba isiyokosa wageni. Ukichoka kupumzika, njoo. Sisi bado hatujajua kukaa bila wewe.