Aliyelala Juu ya Maji

Wewe unayekunja mdomo hapo, ukunjue. Mtu analala juu ya maji. Analala chali, mikono ameitandaza, maji yamembeba kama godoro, na anakoroma. Unasema haiwezekani kwa sababu hujawahi kuchoka. Umechoka miguu tu, ukaita hiyo ni kuchoka. Nyamaza usikilize. Watu wa benchi la Nyiraneza nao hawakuamini, wakatafuta majibu mpaka mbinguni, na jibu lilikuwa juu ya vichwa vyao.

Benchi liko Batsinda, huku Kigali, kwenye ile mistari ya nyumba zilizoshikana migongo, ambako ukikohoa kwako jirani anakuambia pole. Limeegemea ukuta, chini ya dirisha, mahali ambapo kivuli kinakaa mpaka saa tisa alasiri. Nyiraneza mwenyewe ndiye aliyelihamishia hapo kiangazi kilichopita, kwa sababu jua lilikuwa linafukuza wateja wake. Anauza kahawa ya tangawizi kutoka kwenye thermosi mbili, kuanzia saa tatu asubuhi. Wateja wasiokosa ni watatu. Karangwa alikuwa dereva wa ofisi, na kwa sauti yake wanamwita Redio. Achille aliwahi kufagia duka la dawa, kwa hiyo ni Daktari. Nasiri ni fundi cherehani, mashine yake iko hatua tatu kutoka hapo, na wanamwita Hadji ingawa Maka ameiona kwenye kalenda tu.

Asubuhi hiyo ilikuwa Jumanne. Jumapili iliyotangulia, Nyiraneza alikuwa amekwenda Masaka, pembezoni mwa mji, kumzika Kayitesi, jirani yao, mwenye chumba cha ukuta huo huo. Alikwenda peke yake. Hadji alikuwa na suruali za watu, Daktari goti lilimuuma, na Redio alisema angekwenda, halafu hakwenda. Makaburini Nyiraneza alisimama nyuma kabisa, hakusalimia mtu, akarudi na maneno aliyomsikia akisimulia mlinzi wa pisini, lile bwawa la kuogelea la hoteli ambako Kayitesi alikuwa anafua mashuka usiku. Mlinzi alisema Jumamosi alfajiri, baada ya kazi, Kayitesi alimwomba aingie majini kidogo kabla wageni hawajaamka. Akaingia na nguo zake. Akaelea. Mlinzi akamsikia anakoroma, akacheka, akasema acha apumzike dakika mbili, akaenda kuleta wavu wa kuokotea majani. Aliporudi, juu ya maji hapakuwa na mtu.

Nyiraneza aliwapa habari hiyo kama anavyowapa vikombe, bila kuipamba. Wao wakaipokea na kuanza kazi.

— Mimi nakataa, alisema Redio. Ule mama alikulia Bukoba, ziwani. Alikuwa iko anaogelea kama samaki. Samaki iko anazama?

— Samaki hafui mashuka usiku kucha, alisema Nasiri.

— Hadji, reka, acha! Jibu swali. Mtu anajua kuogelea, anaingia na nguo zake, anazama. Hiyo ni nini? Hiyo ni kutaka.

— Kutaka nini?

— Kutaka kwenda. Sisemi mabaya, Mungu amrehemu. Nasema tu.

Daktari akainua kidole. Kidole cha Daktari kikiinuka, kahawa inapoa.

— Ninyi hamjui dawa ya pisini. Mimi nimeishika na hii mikono. Ile poda nyeupe. Ukinusa sana, macho yanakuwa mazito. Hoteli zinaongeza makusudi.

— Makusudi ili iwe nini, Daktari?

— Ili mgeni asinzie pale pale kwenye kiti, aamke ana njaa, anunue brosheti za nyama. Ni biashara ile, mon vieux.

— Kwa hiyo wazungu wote wanalala majini?

— Wazungu wamezoea. Damu yetu haijazoea.

Redio alicheka mpaka kahawa ikamwagika gotini. Nyiraneza hakucheka. Alikuwa anafuta kikombe kilichokwisha kufutwa.

Wakati huo mwanamke mmoja akaja na mfuko mkubwa mtupu, kitambaa cheusi kichwani, akaketi mwishoni mwa benchi. Akaomba kahawa. Wanaume walisogea kumpa nafasi bila kumtazama, wakidhani anangoja pikipiki ya kumpeleka mjini. Nyiraneza alimtazama mara moja ikatosha. Paji la uso lilikuwa lile lile, pana, lenye kovu dogo la tetekuwanga kama la marehemu. Alikuwa Joselyne, dada yake Kayitesi, aliyesimama karibu na jeneza juzi, amemshika mabega Kaliza, mtoto wa marehemu.

Hapo Nyiraneza angeweza kusema: nyamazeni, huyu ni wa kwao. Neno dogo. Ulimi wake, ambao tangu aache shule ya msingi kule Karagwe haujawahi kusukumwa ili ukimbie, siku hiyo ulikaa. Alimimina kahawa, akampa kwa mikono miwili.

— Mimi iko na jambo, alisema Nasiri, akashusha sauti kidogo tu. Wallahi sikutaka kulisema. Mwezi uliopita alikuja dukani kwangu. Akaniomba vipande vya nguo, yale mabaki ninayotupa. Nikampa. Wiki iliyofuata akarudi tena. Mara nne! Mfuko mzima mara nne.

— Alikuwa anashonea mtoto mwanasesere, alisema Daktari.

— Mwanasesere gani wa mifuko minne? Nilimuuliza, Mama Kaliza, unafanyia nini? Akacheka tu. Akasema, Hadji, unanisaidia kuliko unavyojua.

Redio akapiga paja lake.

— Kamba! Alikuwa anasokota kamba!

— Lakini hakufa kwa kamba, alisema Nasiri.

— Alibadilisha mawazo! Au alikuwa anafunga dawa. Umva, sikilizeni niwaambie. Watu wa ziwani wanaahidiwa wakiwa wadogo. Maji yanamjua mtoto kwa jina. Akihama, yanangoja. Miaka thelathini yanangoja! Halafu anaingia pisini, yale maji yanapiga simu kwa maji ya ziwa...

— Maji ya bomba ya Kigali yapige simu Bukoba?

— Wewe Daktari, maji yote ni ndugu. Yakamwita. Popo wetu akaenda.

Popo. Nyiraneza alilisikia jina hilo, kikombe kikamtoka, kikagonga sinia, hakikuvunjika.

Jina hilo ni yeye aliyelitoa. Ilikuwa Julai, benchi likiwa na wiki moja chini ya dirisha. Dirisha likafunguka, Kayitesi akatoa kichwa, nywele zimevurugika, macho mekundu. Akasema kwa adabu yake ya Bukoba: Mama, shikamoo, samahani, mnaweza kusogea kidogo kule mbele? Nimetoka kazini. Na Nyiraneza akajibu mbele ya wateja: Mchana gani huu wa kulala, binti? Wewe ni popo? Benchi zima likaangua kicheko. Kayitesi naye alicheka, kwa sababu alilelewa hivyo, huwezi kumnunia mtu mzima. Akafunga dirisha. Kuanzia siku hiyo walimwita Popo, na hakuomba tena.

— Huyo Popo ni nani? aliuliza mwanamke wa mfuko.

— Ni jirani, alisema Redio. Marehemu. Alikuwa anafanya usiku, mchana haonekani, basi tukamwita hivyo. Ni utani, mama. Tulikuwa tunampenda.

— Mimi ni dada yake.

Hakuinua sauti. Redio alivua kofia, akaitazama ndani kama aliyesahau kitu humo. Daktari akasema pole, akasema tena pole. Nasiri akasema innalillahi, miguu yake ikatafuta kandambili zilipokuwa.

— Sikuja kugombana, alisema Joselyne. Kaliza yuko kwangu Masaka. Ana miaka tisa. Chakula hakili vizuri. Kila akikaa anarudia kitu kimoja: mama alijua kwamba harudi? Watu wa kanisani wamekwisha kusema yao mbele yake, kwamba mtu wa ziwa hazami bila kupenda. Sasa mtoto anaamini mama yake alimchoka. Nikasema nije kwa majirani. Ninyi mlikaa naye mwaka mzima. Mniambie neno nimpelekee.

Mashine ya Nasiri ilikuwa imesimama na sindano yake ndani ya suruali ya mtu.

— Alikuwa mpole, alisema Daktari mwishowe. Hakuwa na ugomvi.

— Alikuwa na huzuni?

— Huzuni... hapana. Alikuwa anapita. Anasalimia, anapita.

— Alikuwa anafika kutoka kazini saa ngapi?

— Saa mbili, mbili na nusu, alisema Redio, akafurahi kupata swali analolijua. Mimi nilikuwa namwona. Anapeleka mtoto shule, anarudi, saa tatu anaingia ndani.

— Na saa tisa anamfuata mtoto, anapika, jioni anaondoka. Basi kati ya saa tatu na saa tisa. Alikuwa analala saa ngapi?

Redio alifungua mdomo. Ulikuwa mdomo uliokuwa na jibu la ziwa na jibu la kamba. Akaujaza kahawa.

— Lazima ni hapo kati, alisema Nasiri polepole. Lakini huo muda... sisi tuko hapa.

— Hapa wapi?

Joselyne alitazama benchi, akatazama ukuta, macho yakapanda ukuta taratibu mpaka kwenye dirisha, ambalo ukinyoosha mkono ukiwa umekaa unaligusa. Daktari naye akageuka kulitazama, kana kwamba limejengwa sasa hivi.

Nyiraneza alifunga thermosi.

— Ufunguo unao? alimuuliza Joselyne. Ninao, nimekuja pia kuchukua nguo za mtoto, alijibu Joselyne. Basi twende, alisema Nyiraneza, na alipoinuka magoti yalilia kuliko siku zote.

Chumba kilikuwa na giza, na ilikuwa saa nne asubuhi. Kitanda hakikuwa mahali pa kitanda. Kilisukumwa mpaka kona ya mbali, nyuma ya mlango, kikabanwa na sufuria na ndoo. Na dirisha, kwa ndani, lilikuwa limezibwa. Kila ufa ulikuwa umeshindiliwa vitambaa: kitenge cha kijani, suti ya kijivu, jinzi, satini ya bibi harusi, vimesokotwa na kusukumwa kwa kisu, safu juu ya safu. Mabaki yote ya Nasiri. Juu yake blanketi lilipigiliwa misumari. Kwenye mto palikuwa na vidonge viwili vya pamba, vyenye umbo la tundu za masikio.

Joselyne alikaa kitandani. Nyiraneza alibaki amesimama katikati ya chumba, na hapo ndipo akasikia.

— Mimi sikujua, Redio alikuwa anasema. Wewe ulijua?

— Mimi ningejuaje? Mukecuru, huyu bibi wa kahawa, ndiye aliweka benchi.

— Na mashine yako je, Hadji? Trrrr tangu asubuhi!

Kila neno liliingia. Kupitia kitenge, kupitia satini, kupitia blanketi. Alisikia Daktari anapuliza kahawa. Alisikia kikombe kinawekwa juu ya sinia. Redio alikuwa kama ameketi kwenye mto. Nyiraneza alihesabu kichwani tangu Julai, akafika Septemba, akaacha. Alikuwa ameuza kahawa yake yote ile juu ya kichwa cha mwanamke mmoja, na asubuhi ambazo Kayitesi alipita mlangoni akisema shikamoo Mama, alikuwa anaitikia marahaba na kumwona amekonda, akisema moyoni, hawa wasichana wa siku hizi hawali.

Hakulia. Machozi yake aliyamaliza zamani, kwa mambo ambayo hayahusiki hapa. Alivuta ndoo, akaikalia ili macho yake yalingane na ya Joselyne.

— Sikiliza, mwanangu. Mtoto utamwambia hivi. Mama yake hakwenda popote. Alilala. Alikuwa na usingizi wa miezi, akapata mahali pamoja pasipo na kelele, masikio yakiwa ndani ya maji, akalala. Mtu anayetaka kufa hahangaiki kuziba dirisha ili apate nguvu za kesho. Mwambie aje avione hivi vitambaa kwa macho yake, usivitoe.

— Nitamwambia.

— Bado. Akikuuliza nani aliyemnyima mama usingizi, usimwambie ni kazi, usimwambie ni Mungu. Mwambie ni mwanamke mmoja anaitwa Nyiraneza. Mama yake alimwomba mara moja, kwa heshima, asogeze benchi, naye akamcheka. Akikua akitaka kuja kunitukana, nakaa mlango wa pili.

Joselyne hakusema nimekusamehe, na Nyiraneza hakumngoja aseme. Dada mtu aliegemeza kichwa ukutani, akafumba macho. Na yeye alikuwa hajalala tangu Jumamosi, ilionekana.

Nje, Redio alikuwa ameanza tena kupandisha sauti.

Nyiraneza aliinuka. Milango ya Batsinda ni ya chuma, ukiiachia inapiga kelele mpaka mtaa wa tatu. Akatoka, akaushika mlango kwa mikono miwili, akauvuta polepole, akauzuia kwa goti, mpaka ukafunga bila sauti.