Dada Thoa na Miwani Aliyoikataa

Tarehe 31 Oktoba, baada ya miaka thelathini na minne ya kupanga vyuma na kuhesabu pamba, muuguzi Phan Thi Thoa atavua kofia yake ya kijani na kuiaga theata, chumba chetu cha upasuaji wa mgongo, hapa Hue. Mvua imeanza kumlilia tangu Jumatatu.

Alianza enzi za kupasua mgongo kwa kidonda kirefu kama mkono. Kisha ikaja miwani ya kompyuta. Daktari akiivaa, picha ya pingili za uti wa mgongo wa mgonjwa huelea juu ya ngozi, nyeupe, kimya, kana kwamba mbalamwezi imeingia chumbani, na skrubu za kuunga mifupa hupitia tundu la upana wa kidole. Tuliivaa sote, tukafanya kazi kama watu wanaoota. Dada Thoa alikataa. Tulimtania kuwa anaogopa kuharibu nywele. Akasema nywele zenyewe ziko wapi.

Kwa usingizi wa mchana hana mpinzani. Mkeka wake uko kando ya kabati la mashuka, na ole wake atakayegusa mto.

Siku moja alilazwa mezani mama Lieu, muuza tambi wa soko la Dong Ba, ambaye mgongo haukumruhusu tena kusimama hata kujaza bakuli moja. Mimi, Dkt. Khoi, nilishika skrubu. Picha ilipendeza ajabu. Sikujua kiwiko changu kimeigonga alama ya chuma iliyobanwa nyongani, ile inayoiambia miwani mgonjwa yuko wapi. Picha ilikuwa imehama milimita nne, nzuri vilevile. Skrubu ingechoma neva, mguu ungepooza.

Theatani Dada Thoa huniita Daktari. Siku ile aliniita kama tuko nyumbani: "Mdogo wangu, toa mkono. Umeigonga."

Daktari angebisha. Mdogo mtu hambishii dada yake. Nilitoa mkono, tukapima upya. Leo mama Lieu husimama tangu alfajiri mpaka sufuria iwe tupu.

Wiki iliyopita tulimbembeleza Dada Thoa aivae miwani, japo mara moja. Aliitazama mifupa ikielea, muda mrefu, hata tukadhani amesinzia. Alipoivua, macho yalikuwa yamelowa.

"Nzuri mno," akasema. "Ningekuwa nimeivaa siku ile, nisingekiona kiwiko chako."

Asante, Dada. Tunakuombea michana mirefu ya kulala bila kuamshwa. Kuanzia Novemba, kila siku daktari mmoja atasimama upande wako wa meza, bila miwani, amtazame mgonjwa tu. Zamu ya kwanza nimeiomba mimi.