Mhandisi Jeska Mniko, Aliyetafuta Mapigo Ndani ya Mwanga

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mhandisi Jeska Mniko, ambaye ofisi nzima tunamwita Mama Boke, anakabidhi funguo za chumba cha mitambo baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Evance, niandike wasifu wake kwa ukurasa mmoja. Ukurasa hautoshi, ila nitajaribu.

Alizaliwa Butiama katika familia ya wafugaji, akasomea uhandisi wa mawasiliano Dar es Salaam, kisha akarudi Mara wakati wenzake walipobaki mjini. Alianza na minara ya mawimbi, akiipanda mwenyewe. Mkongo wa mawasiliano ulipofika Musoma, sisi tulishangilia kasi. Yeye alistaajabia jambo jingine. Katika uzi mwembamba kama unywele hupita mabilioni ya biti, yaani moja na sifuri, kila sekunde, mwanga ukiwaka na kuzimika, na hakuna saa inayotumwa pembeni kuuonyesha mtambo wa kupokea kwamba biti moja inaishia hapa, nyingine inaanzia pale. Mtambo huitafuta saa hiyo ndani ya data yenyewe, kwa kufuata kila badiliko la mwanga.

"Ni kama kwaya inayoimba bila ngoma," alituambia mafunzoni. "Ukiisikiliza, mapigo unayapata. Lakini wakinyamaza kwa muda mrefu, utapiga kofi mahali si pake."

La kuchekesha ni kwamba bingwa huyu wa saa hakuwahi kufika kikaoni kwa wakati. Aliingia tukiwa tumeshaketi, akauliza kwa upole kwa nini tumewahi.

Lakini tutakayoisimulia zaidi ni siku ile ya masika, mafuriko yalipokata barabara ya Kisorya. Katika kituo cha afya cha Kisorya, kando ya ziwa, alilazwa Sara, muuza dagaa aliyeanguka na bodaboda akaumia kifua. Pumzi ilikuwa inampungukia. Tabibu Baltazari alitaka daktari bingwa wa Musoma aione eksirei kabla yeye hajamtoboa kifua. Picha aliyoipiga kwa simu ilifika na ukungu, daktari hakuthubutu kuitegemea. Na kila Baltazari alipotuma faili la eksirei yenyewe, njia yetu ya mkongo ya Bunda hadi Kisorya ilikatika, ikarudi, ikakatika tena.

Tulishapima uzi, tukabadilisha vifaa, hatukuona kosa. Mama Boke, aliyekuwa nasi kituo cha Bunda siku hiyo, akauliza swali moja: "Hiyo picha ina rangi gani?"

Nyeusi, tukamjibu. Eksirei si huwa nyeusi?

Akasimama. Weusi ule, ukigeuzwa kuwa data, ulikuwa sifuri tupu, maelfu kwa maelfu, mfululizo. Mwanga haukubadilika, na mtambo wa Kisorya ukapoteza mapigo. Kuna sehemu ya mtambo inayochanganya biti kabla hazijasafiri ili mwanga usikae kimya, na upande wa pili huzipanga upya. Kadi mpya za mtambo zilizofungwa wiki ile zilikuja sehemu hiyo ikiwa imezimwa. Kwa simu na meseji hakuna aliyegundua, maana data zake hubadilika-badilika.

Kuiwasha kulitaka pande zote mbili ziwashe pamoja. Upande mmoja ukitangulia na mwingine ukashindwa, laini zote za ukanda ule zingezima, simu ya kituo cha afya ikiwemo. Meneja wetu wa wakati huo, Gasper, alisita.

"Mama Boke, ukikosea utawazimia watu wote kule."

"Nisipogusa, Sara ndiye atakayezimika," akajibu. "Andika kwamba ni mimi."

Gasper akamtazama, akasema, "Fanya. Tutaandika sote wawili."

Akamwita fundi wetu wa Kisorya, Wenceslaus, kwa redio ya upepo isiyopitia mkongo, wakahesabu pamoja. Walipofika tatu wakawasha. Taa za njia zikazima zote. Kisha zikaanza kurudi moja baada ya nyingine, za kijani, zikatulia. Eksirei ikapita mara ya kwanza. Daktari akamwelekeza Baltazari kwa simu mahali pa kutoboa, hewa iliyobana pafu ikatoka, na Sara akavuta pumzi ndefu. Wenceslaus alipotupa habari hiyo, Mama Boke aliketi sakafuni, akafunika uso kwa kanga, akalia.

Miezi michache baadaye Sara alikuja ofisini na ndoo ya dagaa. Mama Boke akamwonyesha kwenye skrini ya kipimo jinsi mawimbi ya data yanavyolaliana hadi kufanya umbo la jicho. Likiwa wazi, mapigo ni safi.

"Kumbe mwanga nao unakuwaga na mapigo?" Sara akauliza, mkono kifuani.

"Unakuwaga nayo, mdogo wangu. Ila hakuna anayekuletea. Unayatafuta."

Vijana aliowafundisha leo wanaendesha vituo vya Musoma, Bunda na Kisorya. Yeye anarudi Butiama kwa ng'ombe wake na wajukuu. Mama Boke, asante kwa kutufundisha kushangaa na bado tukafanya kazi. Mungu akupe siku ndefu na usingizi mtamu, na simu ya ofisi isikuamshe tena.