Mzee wa Mkato, Aliyetaka Programu Ishaurike

Haya ya marehemu yameandikwa na dada mtu, fundi cherehani, ambaye ndiye anayeyasoma mbele yenu. Ameombwa asome taratibu na asilie. Kusoma taratibu ataweza.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Machi 1974, mtoto wa pili na wa mwisho wa mpiga chapa na muuza vitambaa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Dada mtu alikuwa na miaka sita, akaambiwa, "Huyu wako, mwangalie." Basi akamwangalia. Siku moja mama alimtuma mtoto uzi mweusi dukani, akakawia saa nzima. Aliporudi alikuwa hoi: alikuwa amepita njia zote tatu za kwenda dukani akihesabu hatua, ili aijue iliyo fupi. "Na uzi uko wapi?" mama akauliza. Lo! Uzi alikuwa ameusahau.

Alisoma shule ya msingi iliyo mkabala na karakana ya reli, 1981 hadi 1987, kisha sekondari ya bweni, ambako hesabu alifaulu vizuri na insha aliponea chupuchupu. Mwaka 1997 alihitimu stashahada ya kompyuta katika chuo cha ufundi. Baba alimnunulia suti iliyompwaya, dada mtu akaipunguza kiuno na mikono, naye akaivaa mpaka ikachanika viwiko.

Tarehe 3 Februari 1999 aliajiriwa katika ofisi ya kumbukumbu za benki ya damu, chumba cha chini chenye dirisha linalotazama maegesho ya magari ya wagonjwa. Kwa sisi tusiojua mambo hayo: kompyuta ikiulizwa swali, haikurupuki. Ndani ya programu inayotunza kumbukumbu mna sehemu iitwayo mpangaji. Mpangaji hukisia kwanza njia ipi itafika upesi, apitie orodha fupi au apekue rekodi moja baada ya nyingine. Akishakata shauri, ndiyo basi, hasikii la mtu.

Asubuhi ya tarehe 17 Juni 2008 wodi ya upasuaji ilihitaji mchangiaji wa damu ya kundi adimu. Mpangaji alikisia vibaya, akaanza kupekua wachangiaji wote laki tatu. Marehemu aliijua njia ya mkato, lakini hapakuwa na pa kumwambia mpangaji. Alikaa mikono kichwani dakika arobaini. Muuguzi wa zamu alichoka kusubiri, akafungua daftari lake, akapiga simu tatu, akampata mtu. "Wewe endelea kuibembeleza kompyuta yako," alimwambia. "Mgonjwa wangu ameshapata damu."

Muuguzi huyo ndiye mjane aliyekaa hapa mbele. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 24 Aprili 2010, wakajaliwa mabinti wawili. Nyumbani kwao mume alikuwa na kompyuta na mke alikuwa na daftari, na kila kitu kilichopotea kilionekana kwenye daftari.

Programu ile ya kumbukumbu haina bosi mmoja. Inaandikwa na watu wa nchi nyingi wanaobishana kwa barua pepe, na kila badiliko linahojiwa na mhakiki kabla ya kupokelewa. Marehemu alitaka kitu kimoja tu: mpangaji awekewe mlango, ili programu ndogo za nyongeza, zile ambazo kila ofisi inabandika kwa mahitaji yake, ziweze kumnong'oneza, "Hapa pita huku." Ofisini wakambatiza Mzee wa Mkato. Ukimtembelea Jumapili alikueleza hayo mpaka chai ikapoa. Dada mtu aliitikia "ehee, ehee" huku akiwaza vifungo vya wateja wake, na leo anajuta.

Mwaka 2014, bila kusubiri mlango huo, alitengeneza nyongeza yake mwenyewe pale ofisini. Ilimfunga mpangaji kwenye njia moja. Kisha akaenda likizo. Wiki hiyohiyo kumbukumbu za vituo vitano vya damu zikaunganishwa na za ofisi yao, na njia iliyokuwa fupi ikawa ndefu kuliko zote, ila mpangaji hakuwa na ruhusa ya kuiacha. Jumatatu nzima kazi ililala. Marehemu alirudi mbio, kandambili miguuni. "Nilimwamrisha," alimwambia mkuu wake. "Nilitakiwa nimshauri." Akafuta yote, akaanza upya, na huo upya ukamchukua miaka kumi na moja.

Sasa tuseme ukweli, maana hapa si mahali pa kuficha. Tumbo lilianza kumsumbua Novemba 2023. Mkewe alimwambia akapimwe. Alimwambia kwa upole, akamwambia kwa ukali, akamwekea miadi mara tatu, na mara zote tatu hakwenda. "Ni gesi tu, mama watoto. Nikimaliza hii kazi." Dada mtu naye alikwenda kumsema, akapewa chai. Jamani, mtu anahangaika miaka kumi na saba ili kompyuta isikie ushauri, na yeye mwenyewe hashauriki! Februari 2025 alianguka ofisini. Ilikuwa saratani ya kongosho, na ilikuwa imeshasambaa.

Kuanzia Agosti hakuweza kukaa. Dada mtu alihamia kwake na mkoba wa nguo. Kazi ilikuwa imeshatumwa kwa wahakiki; marehemu alitamka majibu ya maswali yao, dada mtu akabonyeza herufi mojamoja bila kuelewa hata neno. Yalibaki maswali tisa, yakawa manne. Alhamisi tarehe 9 Oktoba likabaki moja, dada mtu akamsomea: "Nyongeza ikitoa ushauri mzuri, na mpangaji asiufuate, nyongeza ifanye nini?" "Swali zuri," marehemu alisema. "Kesho nitalijibu." Kesho yake sauti ilikuwa imekatika. Mkewe alimshika mkono, dada mtu akakaa na kompyuta mapajani siku nne, na hakuna aliyeweza kitu. Alifariki Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Dada mtu alimwandikia mhakiki: "Mwenye kazi amefariki. Mimi ni fundi cherehani. Jibu silijui." Mhakiki alituma pole ndefu, ya kiungwana kabisa. Mwishoni akasema kazi ni njema, ila bila jibu la swali lile haiwezi kupokelewa, na muda wa kupokea mabadiliko ya mwaka huu unakwisha tarehe 31 mwezi huu.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, dada mmoja, wafanyakazi wenzake wa chumba cha chini, na kazi moja isiyopokelewa.

Ikiwa kati yenu yupo anayejua mshauri afanye nini ushauri wake usipofuatwa, tafadhali amwone dada mtu pale langoni baada ya mazishi. Na mjane naye angependa kusikia.

Lala salama, mdogo wetu.