Nani Alimlilia Jenerali

Kila asubuhi basi letu hupita mbio mbele ya sanamu ya chuma ya jenerali, nami humsalimu kimoyomoyo, maana simfahamu mtu mwingine njiani. Leo barabara ilikuwa inachimbwa, basi likasimama mbele yake.

Kwenye kiti cha mbele yangu walikaa mama mmoja na mwanawe Gisa, aliyepakata begi kubwa, wakiongea Kiswahili chenye Kifaransa ndani yake. "Nisomee huyu," mama alisema, akionyesha sanamu.

Gisa akamtafsiria maandishi ya Kiingereza yaliyo chini yake. "Alizaliwa Louisville, akapigana vita ya kukomesha utumwa, akawa wakili Columbus, kisha mbunge. Akafia hapa Buffalo."

"Bon. Nani alimlilia?"

"Mama, hiyo hawaandikagi."

"Kwetu milimani ndiyo wangeanza nayo. Na mama yake alibaki Louisville na nani?"

"Donc unasema juu ya safari yangu ya Columbus?" Gisa akauliza. " Naenda kazi ya kupakia mizigo kwenye depo tu. Hata huyu alihama, akawa mtu mkubwa."

"Akawa chuma."

Nikajifanya nasoma simu.

Basi lilipoendelea na kufika kwenye stendi ya mabasi ya safari za mbali, Gisa aliinuka. Mama akashika mkanda wa begi.

"Sikukuwa nauliza ya jenerali," alisema polepole. "Gisa, usiende. Mimi hapa atanililia nani?"