Vidonge vya Maksun

Ulikuwamo kwenye basi lile la kwenda mjini Goheung, ukajifanya unatazama mashamba ya vitunguu saumu. Usibishe, yule bibi kizee Bongnye alikuona.

Alikuwa akimpeleka jirani yake Maksun kwa daktari. Vidole vya Maksun vimevimba tangu aache dawa za hospitali na kuanza kumeza vidonge vya lishe anavyouziwa na vijana wanaowaimbia wazee kwenye ukumbi wa nyimbo pale sokoni.

"Magoti yangu yamepona, dada," Maksun alisema.

"Yamepona, na dereva kakupandisha kama gunia la mchele?"

"Wale vijana wananiita mama. Wananikanda miguu, wananiimbia. Mwanangu mwenyewe ananipigia simu lini?"

Mama mzazi wa Bongnye naye aliimbiwa hivyohivyo, akameza unga wa gegedu, ule mfupa laini wa papa, hadi akashindwa kusimama.

Basi likasimama mbele ya ukumbi. Vijana wameshatoka na miavuli, wanaita, "Mama! Mama!" Maksun akashika fimbo, akainuka.

"Kaa! Hospitali ni kituo kijacho!" Bongnye akamvuta koti, lakini mikono yake nayo imezeeka.

Mlango uko wazi. Wewe uliyekaa karibu nao, achana na vitunguu. Inuka umshike, sasa hivi!