Sanda ya Nanasi ya Nanay Leonila

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, Nanay Leonila Restar, na anayetaka maneno matamu peke yake atangulie uani akale wali.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 hapa Tigayon, Kalibo, akasoma hadi darasa la nne, mwaka 1952 akatolewa shule kumsaidia mama yake kupara majani ya nanasi kwa kigae cha sahani, kuunga nyuzi na kufuma, kazi iliyowavisha maharusi wa wakubwa na kumwachia yeye mgongo uliopinda.

Tarehe 6 Mei 1961 alifunga ndoa na Cresencio, ambaye alimtangulia, wakajaliwa watoto wanne, na kama walivyofanya mama yake na bibi yake, alijifumia mwenyewe sanda ya nyuzi za nanasi, akaihifadhi.

Juni 2019 alikuja Bwana Ferran Massot, mnunuzi kutoka Barcelona, na Nanay akampima kama alivyopima wageni wote, akamwonyesha nanasi na kumuuliza jina la tunda hilo, maana hapa Ufilipino mtu wa Manila husema pinya, wa Cebu pinya, wa Ilocos pinia, lakini wazungu waliotangulia wote walisema vingine.

"Pinya, Nanay! Hata kwetu Katalunya ni pinya."

"Sikieni, huyu wa nyumbani! Mpeni kiti!"

"We Nila, hata kasuku atasema pinya ukimfundisha," akamtania jirani yetu, Manang Pacita.

Nanay hakusikia la mtu, akamwazima sanda yake kwa maonyesho ya miezi mitatu.

Sanda haikurudi, na Agosti 2023 mapafu yalipomlaza tuliidai, bwana akajibu kwamba iko ndani ya kabati la kioo na huko "ni salama zaidi", salama dhidi ya nani, na Nanay mwenyewe kila akisikia mlango wa wodi anauliza, "Imefika?", hadi tarehe 9 Oktoba alipotutoka.

Tunawashukuru madaktari, majirani na wafumaji wenzake waliokesha nasi, ila shada lile kubwa pale mlangoni limetoka kwa Bwana Massot, nalo kaburini halifiki, mbuzi wa Manang Pacita wameshaandaliwa kulitafuna.

Nanay, leo tunakuzika na nailoni ya dukani, na aibu hiyo si yako. Sanda yako tutaifuata hukohuko, tutafukua, tutakuvika, na siku hiyo ndipo tutakuambia upumzike kwa amani.